Vitambaa Vyeusi vya Paskazia

Tone la mafuta lilikataa kuganda. Mzee Lwakatare, msimamizi wa mtambo, aliinamisha sahani ya bati iliyokuwa ikielea kwenye beseni la maji ya ziwa, na tone likateleza hadi ukingoni kama chozi.

Paskazia alisimama nyuma yake, mikono ameificha ndani ya kanga. Alijua sababu. Kazi yake pale kiwandani ilikuwa kukwangua vitambaa vya kuchujia. Mafuta ya mbegu za pamba yakishapikwa kwa gesi ya hidrojeni na unga mweusi wa nikeli ili yagande, huchujwa; unga hubaki kitambaani, nao hurudishwa mtamboni kugandisha mafuta mengine. Hauishi, ndivyo alivyoambiwa. Lakini jana aliona aibu kuacha nguo nyeusi namna ile. Alivipiga sabuni vitambaa pamoja na unga wake, ndipo akakwangua. Vitambaa vilitakata, unga ukaenda mtamboni na sabuni yake.

Maduka ya ushirika yalikuwa yakiyasubiri mafuta hayo, hadi Sengerema. Naye bado alikuwa kwenye miezi ya majaribio kazini, na mumewe Mhoja amelala nyumbani Buhongwa na mguu uliovunjika.

Aliyasema yote polepole, akitazama sakafu. Kisha akaanza kufungua aproni.

"Nyie Wasukuma," Lwakatare akamtania, "mkipewa mkaa mtaufua."

Ndalahwa, aliyekuwa akishika vali ya gesi, alicheka. Mikono ya Paskazia ikasita kwenye fundo.

Mzee alimweleza kwamba nikeli haijafa. Sabuni imeifunika tu, haiwezi kushika gesi. Alifungua kopo la akiba, akaongeza unga mpya, akamwambia Ndalahwa awashe tena. Kisha akamsogezea Paskazia kigoda chake mwenyewe na kummegea ndizi zake za kupikwa. Hakuuliza kama ana njaa.

Jua lilipovuka miamba, tone jipya liliwekwa sahanini. Lilianza kuwa jeupe pembeni, weupe ukaenda katikati, likatulia.

"Bonyeza wewe, mama."

Alibonyeza kwa kidole gumba. Lilikuwa gumu kiasi chake.

"Na vitambaa, mzee?"

"Kwangua tu. Weusi wake tuachie."

Lwakatare aliiweka sahani dirishani, akaenda kufungulia mafuta. Paskazia alikaza tena fundo la aproni. Upepo wa ziwa ulikuwa ukipuliza juu ya lile tone jeupe, na ndani yake mistari ya kidole chake, myembamba, myeusi kwa unga wa vitambaa, ilikuwa imebaki.