Daraja la Vijiti

Shule yetu ilipopata shule rafiki huko Uskoti, shemeji yangu Dambar alizunguka kijiji kizima amevaa kofia yake ya sherehe, kana kwamba ameoza binti. Yeye ndiye alikuwa mwalimu mkuu. Alikuwa pia kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, na kazi yangu ya kufundisha darasa la tatu alinipigania yeye, kwa hiyo mdomo wangu, ambao kwa watu wengine hauna breki, mbele yake niliuchunga.

Watoto wa Uskoti walikuwa wanatujia ukutani kwa projekta. Waliuliza kama kila Mnepali anaweza kupanda mlima wa theluji. Wetu waliuliza nani anawachotea maji ya kuogea. Binti yangu Pabitra, ambaye hajui kunyamaza, aliwauliza mbona wote wamepauka hivyo, wanaumwa? Walicheka mpaka mwalimu wao, Ailsa, akafuta machozi, na nikaona kwamba jambo hili lilikuwa jema.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuonyeshana njia ya kwenda shule. Wanafunzi wangu wakapiga picha za daraja letu la waya, kila pembe, kwa sababu nusu yao wanatoka ng'ambo ya mto na hulivuka kila asubuhi. Tukazituma.

Majuma machache baadaye Ailsa akatuambia kuna zawadi. Siku hiyo mama mkwe wangu, Hiramati, alikuja shuleni na bibi wenzake kuwatazama hao wageni wa ukutani. Watoto wa Uskoti wakatuonyesha daraja letu, wamelijenga kwa vijiti vya aiskrimu na uzi, refu kama meza. Wakaanza kusimamisha juu yake watoto wadogo wa udongo, kila mmoja na jina la mtoto wetu, wakiyatamka majina kwa taabu huku wetu wakivunjika mbavu. Walipomweka Pabitra, upande wa kushoto ukainama, na watoto wote wa udongo wakamwagika sakafuni.

Kule walicheka. Huku mama mkwe alikuwa ameshasimama.

"Zimeni kitu hicho," alisema.

Kesho yake hakuna mtoto wa ng'ambo aliyekuja shule, na wa upande huu walikatazwa hata kulisogelea daraja. Mimi si mtu wa kushtuka paka akikatiza njia. Lakini lilinisumbua kwa nini livunjike upande ule, nikamwandikia Ailsa. Alijibu kwamba wanafunzi wake wanajivunia sana, maana waliiga picha zetu bila kuruka kitu, hata zile sehemu ambazo hazina uzi.

Nikashuka mtoni na simu yangu, picha ya daraja lao mkononi. Juu ya lile jiwe kubwa la katikati, upande wa kushoto, nondo tatu zinazoshikilia mbao kwenye waya mkuu hazikuwepo. Ya nne ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mbuzi. Nimepita hapo tangu nilipoolewa na sikuwahi kuziona. Nikarudi nimeshika ukingo kwa mikono miwili.

Dambar nilimkuta na kopo la rangi nyekundu, anapaka nguzo kwa ajili ya wageni, maana Ailsa na wenzake walikuwa wanakuja Ijumaa. Nilimweleza yote. Aliniambia ofisi ya kata imeahidi fundi baada ya mvua.

"Shemeji, daraja hili limebeba nyati wetu wa maziwa, limebeba maharusi, limembeba mdogo wangu siku ya mwisho wake," alisema. "Sasa wageni nikawabebe mgongoni?"

Nilimwambia wageni wachache, mmoja mmoja, huenda wakapita salama. Kilichonitisha ni mapokezi. Kwetu heshima ya mgeni hupimwa kwa umbali unaokwenda kumlaki, na kwa mgeni aliyevuka bahari Dambar alikuwa ameamua kwamba shule nzima itamlaki katikati ya mto. Watoto wote juu ya daraja, mistari miwili, wanacheza na kupiga miguu kwa pamoja.

Nilitegemea ile hofu ya akina mama itanisaidia. Dambar hakubishana nayo hata kidogo. Alimwita mganga, jogoo akachinjwa mguuni pa daraja, damu ikapakwa kwenye nguzo juu ya rangi mbichi, na mkosi ukatangazwa umekwisha. Akina mama wakashusha pumzi. Watoto wa ng'ambo wakarudi wakikimbizana juu ya mbao zile zile. Kwenye mkutano wa wazazi nilisimama nikasema jogoo harudishi nondo. Walinitazama kwa huruma, kama mtu ambaye habari zimempita.

"Hilo limekwisha, Tulasa," mama mkwe aliniambia tulipofika nyumbani. "Usilirudishe kwa mdomo wako."

Pabitra alikuwa uani anafanya mazoezi ya ngoma, anapiga miguu chini kwa nguvu zake zote.

Ijumaa nilipelekwa jikoni. Mjane havishi mgeni shada la maua wala hasimami mbele ya shughuli ya heri, na siku zote jambo hilo huniuma kuliko ninavyoonyesha. Kutoka mlangoni niliwaona watoto wamepangwa kwenye njia inayoshuka darajani, wasichana wakubwa na mitungi iliyojaa maji ya kuleta heri pande zote mbili, wapiga zumari na ngoma kando. Pabitra alikuwa wa kwanza kabisa. Ng'ambo wageni walikuwa wameshafika, wanapunga mikono, na nyuma yao nyumbu waliobeba maboksi ya vitabu. Dambar akainua mkono ngoma zianze.

Nilichukua mtungi wa shaba, nikamwaga maji yote mlangoni, nikashuka. Nilijitanda ushungi wangu mweupe wa ujane. Nilisimama kwenye mdomo wa daraja, mbele ya watoto, nikaugeuza mtungi mdomo chini ili kila mtu aone kwamba hauna kitu, maana kwetu mjane na mtungi mtupu mbele ya safari ni mkosi usiovukwa.

Ngoma zilikatika. Mama mkwe ndiye aliyefika wa kwanza, akamkamata Pabitra mkono akamvuta nyuma, na akina mama wengine wakawavamia watoto wao, mistari yote ikasambaratika.

"Ondoka hapo, shemeji," Dambar alisema kwa sauti ya chini. "Wanatuona."

"Siondoki."

Kwetu kaka wa mume hamgusi mke wa mdogo wake, na siku hiyo nilishukuru. Dambar akapanda ukingo, akanipita bila hata nguo yake kunigusa, akaenda kuwalaki wageni peke yake na mashada yote mkononi.

Nilimwita kwa jina lake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Aligeuka mara moja, uso wa mtu aliyetukanwa, akaendelea. Wachunga nyumbu walikuwa wameshaingia kutoka upande wa pili. Walikutana naye juu ya lile jiwe. Kwanza ilikatika kamba ya mbuzi, na mbao za upande wa kushoto zikaning'inia kama mlango uliong'oka bawaba. Wachunga nyumbu walishika waya. Dambar alikuwa na maua mikononi.

Siku hizi watoto wa ng'ambo hawasomi. Kijijini wanasema ni mtungi wangu ulioangusha daraja, na wanapokutana nami njiani asubuhi hurudi nyumbani kuanza safari upya. Wacha waseme. Watoto wao wapo, nawasikia wakipiga kelele nje ya dirisha langu.

Mama mkwe hasemi kama wao. Siku za msiba wa Dambar zilipokwisha, nilimpelekea chai, akaiacha ipoe.

"Uliwarudisha watoto wa watu wote," alisema. "Wangu hukumrudisha."