Siku Sita za Moorea

Kwa miaka kumi na mmoja Jeptoo na mumewe Mutai waliishi nyumba moja Gaithersburg, Maryland, lakini walionana kama majirani. Jeptoo alikuwa nesi wa zamu ya usiku hospitalini. Mutai alishinda kwenye ghala la dawa, akiendesha mashine ya kuinulia makasha. Asubuhi mmoja akiingia, mwingine alikuwa anatafuta funguo za gari. Mambo ya nyumbani waliandikiana kwenye simu: maziwa yameisha, fundi wa hita anakuja Jumanne, mama yako amepiga.

Watoto wao, Ethan na Audrey, walipoanza kazi, hawakuuliza mtu. Waliwakatia wazazi tiketi za kwenda Moorea, kisiwa kilicho jirani na Tahiti katikati ya Bahari ya Pasifiki, kwa sababu ndoa yao ilikuwa inatimiza miaka ishirini na mitano.

"Tutafanya nini huko?" Jeptoo aliuliza, sare ya kazi ikiwa bado mwilini.

"Nothing, Mom," Audrey akajibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake.

Jeptoo akacheka kidogo, akapanda ghorofani kulala.

Walisafiri kutoka uwanja wa ndege wa Dulles hadi Los Angeles, kutoka hapo hadi Tahiti, kisha wakavuka kwa kivuko. Walifika miguu imevimba. Milima ya kisiwa ilisimama wima, kijani kibichi hadi kileleni, na mawingu yamekaa juu yake.

"Kama kwetu Nandi Hills mvua ikianuka," Mutai akasema. "Ila hapa chini wameweka bahari."

Siku mbili za kwanza walilala tu. Mama wa hoteli alipobisha hodi kuja kutandika, Jeptoo alimfungulia mlango nusu. Gaudiose, Mrundi anayefanya naye kazi, alikuwa amemfundisha Kifaransa, lugha ya huko, cha kutosha kuomba radhi. Yule mama alimtazama usoni, akamwachia taulo mlangoni na papai lililokatwa, akaenda zake.

Siku ya tatu walikunywa chai kibarazani. Jeptoo alianza kumsimulia mumewe habari za mgonjwa mmoja aliyekuwa akiimba kila akichomwa sindano. Mutai alitazama maji tu, hakugeuka. Jeptoo akanyamaza, akamenya chungwa. Alikuwa amezoea. Hata nyumbani, mara ngapi alikuwa amemwita kutoka ngazini asijibiwe? Mtu akikuchoka, hakuambii. Anaacha tu kuitika.

Kesho yake hoteli iliwapeleka kwa mashua hadi ndani ya ukuta wa miamba ya matumbawe, mahali ambapo maji yanafika kiunoni na samaki bapa waitwao taa wanakuja kumzunguka mtu bila woga. Mutai alikataa kuvaa jaketi la kuelea. Alisema maji ya kiunoni hayamzamishi mwanamume. Nahodha akazima injini, wakashuka. Taa wakapita wakiwagusa miguu, laini kama blanketi lililoloa, na Jeptoo akajikuta anacheka kama msichana.

"Usirudi nyuma!" nahodha akaita kwa Kiingereza chake kizito. "Bwana! Nyuma ni kina!"

Mutai alikuwa amempa bega la kushoto. Aliwatabasamia samaki, akarudi hatua moja. Nahodha akapaza sauti tena. Mutai akarudi hatua nyingine, na maji yakamfunika kichwa.

Hakujua kuogelea. Jeptoo alimrukia akashika shati, shati likamponyoka. Nahodha ndiye aliyejitosa na kumtoa, akamlaza kwenye mashua akikohoa chumvi.

"Amekuita mara mbili!" Jeptoo alisema.

"Sikusikia. Ni injini."

"Injini imezimwa, Baba Ethan."

Jeptoo akafanya jambo ambalo amewafanyia wagonjwa wengi. Alisugua vidole viwili karibu na sikio la kulia la mumewe. Mutai akaitikia kwa kichwa. Jeptoo akahamia la kushoto. Alisugua, akasugua zaidi, akaliza vidole. Mutai aliendelea kungoja.

"Tangu lini?"

"Tangu ile Februari ya theluji nyingi. Niliamka kama mtu aliyezibwa na pamba. Nikadhani ni homa, itaisha."

"Miaka miwili! Na mkeo ni nesi!"

"Ningekuambia saa ngapi, Mama Ethan?" Hakusema kwa hasira. "Ukiingia, mimi natoka. Na ile sura unayokuja nayo asubuhi, ni nani ataiongezea mgonjwa mwingine? Halafu kazini wakijua, wataniondoa kwenye mashine."

Jeptoo alijifunika uso kwa taulo. Nahodha, kwa adabu, akageuka kutazama nanga yake.

"Mimi nilidhani umenichoka," Jeptoo akasema. "Nikikuita huitiki."

"Na mimi nilidhani umeacha kuongea."

Siku mbili zilizobaki hawakwenda popote. Jeptoo alikaa upande wa kulia wa mumewe, akaongea: habari za mgonjwa mwimbaji, za Gaudiose, za kaka yake aliyefariki bila yeye kwenda kumzika. Mara nyingine Mutai alisinzia katikati. Mara nyingine Jeptoo alisinzia mwenyewe, neno likiwa bado mdomoni.

Waliporudi alimpeleka kwa daktari wa masikio Rockville. Daktari alisema mshipa wa kusikia wa upande wa kushoto umekufa. Angekuja wiki zile za kwanza, huenda dawa zingesaidia. Jeptoo alijua hilo kabla ya kuambiwa, na kwa siku nyingi lilimkaa kifuani zaidi kuliko uchovu wowote wa zamu. Mutai alipewa kifaa cha kupeleka sauti za kushoto kwenye sikio la kulia, akajipeleka mwenyewe kwa msimamizi wa ghala kumweleza. Walimhamishia mezani, kupokea mizigo. Hakufurahi, lakini hakufukuzwa.

Jeptoo aliomba zamu ya mchana. Walimwambia nafasi haipo. Aliomba tena, na kufikia Machi akapata siku tatu kwa wiki. Jumatatu ya kwanza alirudi saa kumi na mbili jioni, foleni ya magari kwenye barabara ya I-270 imemmaliza, akamkuta Mutai amepika ugali umekuwa mgumu. Waliula hivyo hivyo kwa sukuma wiki. Kabla ya saa tatu wote wawili walikuwa wamelala.