Diski ya Tatu

Kosa la Masila lilikuwa dogo, na katika bweni la Kidato cha Tatu lilihesabiwa kuwa kazi ya sanaa. Aliandika kwenye kompyuta ya Madam Mutindi, kwa herufi nyekundu: MASHINE HII ITALIPUKA BAADA YA DAKIKA TANO. Madam, mwanamke jasiri aliyewahi kumfukuza nyoka darasani kwa rula, aling'oa waya ukutani kwa mikono miwili. Mashine haikulipuka. Wala haikuwaka tena.

Ndiyo maana Ijumaa ya mapumziko ya katikati ya muhula, mwaka wa 2006, wenzake walipokuwa wakibeba mabegi kuelekea Kitengela, yeye alikuwa amesimama katika maabara ya kompyuta akitazama bahasha mbili.

"Windows imekufa na diski yake hatuna," Madam alisema. "Tuko na mfumo mwingine, Linux, wa aina mbili. Ubuntu ni diski moja. Fedora ni kadhaa. Chagua moja uiweke. Baba yako anafika saa kumi. Akipata mashine inafanya kazi, mnaenda nyumbani wikendi. Asipopata, anabeba wewe na godoro."

Anayeondoka na godoro harudi.

"Unajua tofauti yake?"

"Najua, Madam."

Hakujua. Lakini mtu aliyesimama miaka mitatu kwenye foleni ya jikoni ana sheria moja maishani: penye sahani moja na penye sahani nyingi, hakuna la kufikiria.

"Hiyo ya diski moja ni ya watoto wa nasari, Madam. Nipe Fedora."

Madam alimtazama kidogo, akaandika Fedora kwenye daftari lake, akatoka, akafunga kufuli kwa nje.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mashine iliuliza kama ifute vya zamani, akakubali. Iliuliza anataka programu zipi. Akatia alama zote, kwa sheria ile ile ya jikoni. Ilimwonyesha orodha ya diski zitakazohitajika, hakuisoma. Diski ya kwanza ikala saa nzima, ya pili vilevile. Kisha mashine ikaomba ya tatu. Masila akatia mkono kwenye bahasha akatoa ya nne. Akatia tena, akatoa ya tano.

Hapo akakumbuka.

Muhula uliopita alichomoa diski moja rafuni ili ammulike naibu wa mwalimu mkuu machoni wakati wa gwaride. Baadaye aliificha pasipoonekana kabisa: miongoni mwa diski mbovu zilizoning'inizwa shambani mwa shule kufukuza ndege. Lemein, kiongozi wa maabara, alivuliwa cheo kwa kupoteza mali ya shule. Masila alimpa pole kama wengine.

Alikimbilia dirisha, akashika vyuma. Diski ilikuwa pale, hatua thelathini, ikizunguka juani bila haraka.

"Supa, Mzee Saning'o!" alimwamkia Kimaasai.

"Ipa." Mtunza shamba hakuinua kichwa. "Wenzako wameenda. Wewe umefungiwa kama ndama anaachishwa kunyonya?"

"Mzee, niletee hiyo diski ya mwisho. Hiyo iko na maandishi ya buluu."

"Na ndege?"

"Ndege gani?"

"Wenye watakula nyanya zangu nikikupatia askari wao."

Masila alitoa mfukoni kioo chake kidogo, ambacho kila asubuhi kilikagua nywele tatu za ndevu. Saning'o alikuja dirishani, akajitazama, akarekebisha kofia, akakubali, akaenda kuifungua diski kwenye uzi wake na kumpitishia.

Lakini jua la Kajiado lilikuwa limeshaisoma diski ile likaimaliza. Mashine iliizungusha, ikakohoa, ikaikataa mara nne. Ilikuwa saa tisa. Ya zamani ameifuta, mpya haiingii, mlango una kufuli. Masila akachukua kile chakula cha watoto wa nasari.

Ubuntu iliwaka moja kwa moja kutoka kwenye diski, kabla hata hajaiweka. Saa kumi kasoro tano ilikuwa imekaa ndani ya mashine, kahawia na tulivu. Akafuta vumbi kwenye diski ya tatu, akairudisha kwa heshima zote kwenye bahasha yake. Kufuli likalia.

Madam alibofya hapa na pale. "Inafanya kazi. Godoro libaki." Kisha akamwaga bahasha ya Fedora mezani, akahesabu kwa kidole. "Tano."

"Zote ziko, Madam."

"Asubuhi zilikuwa nne."

Masila alizihesabu tena. Akapata tano.

"Mtu mwingine yeyote angebisha mlango aniambie moja haiko," Madam alisema. "Lemein atarudishiwa cheo Jumatatu. Hizo mashine zingine kumi na moja zimejaa virusi. Uko na wikendi yote."

Baba alifika saa kumi kamili, akazungumza na Madam uwanjani, akaondoka na pikapu tupu. Masila aliisindikiza kwa macho kupitia vyuma vya dirisha. Upepo ulipovuma, kioo chake kiligeuka kwenye uzi kule shambani, kikammulika machoni.