Chai ya Matilda

Mvua ilianguka saa nne asubuhi na Mtaa wa Narung'ombe ukabaki na maji na makelele ya bodaboda. Dukani kwa Paskalina, katikati ya zipu, nyuzi na vifungo, hapakuwa na mteja hata mmoja. Rachel, binti yake, akaona hapo ndipo pa kumbana.

"Mama, ingia leo. Nywila nimeshaipata."

"Niingie niseme nini?"

"Useme mambo."

"Mtu hapotei miaka miwili na nusu akarudi na mambo."

Kijiwe cha Kalamu kilikuwa kundi la Facebook la watu wanaoandikiana hadithi, kila mtu akiongeza sehemu yake anapopata nafasi. Paskalina alikuwa miongoni mwa wasimamizi, tena mkali. Kijana mmoja wa mtaa wa Gerezani, Nurdin, alipoiacha hadithi yake njiani, Paskalina alimwambia mbele ya wote, "Mdogo wangu, huinjiki sufuria ukaenda zako kwa jirani." Kisha akapitisha kanuni: hadithi isiyoongezwa hata mstari mmoja kwa miezi sita itatangazwa yatima, na yeyote ataichukua aimalizie anavyotaka.

Halafu mama yake akapooza, akaletwa Dar kutoka Rombo. Tangu siku hiyo Paskalina hakuandika tena. Hakumuaga mtu.

Hadithi yake ilisimama pabaya. Matilda, mke mgeni, ameinjika chai. Mama mkwe amekaa kwenye mkeka, amekuja na neno, na amesema hatalisema mpaka anywe. Ikaishia hapo. Paskalina alikuwa amemsomea mama yake mpaka hapo. Kila jioni, akilishwa uji, mama aliuliza kwa ulimi mzito, "Matilda kanywesha mtu chai?" Na kila jioni Paskalina alijibu, "Bado, mama." Walimzika Agosti, chai bado iko motoni.

Sasa Paskalina alitaka kitu kimoja tu, kuimaliza hadithi hiyo kwa mkono wake. Na kwa kanuni yake mwenyewe, ilikwisha kuwa ya mtu mwingine zamani.

"Nipe hiyo simu," alisema. "Kama wameigawa, wameigawa."

Akaikuta. Haikuandikwa yatima. Chini ya sehemu yake ya mwisho palikuwa na mistari mitano, kila mmoja na tarehe yake, hakuna uliopishana na mwenzake miezi sita.

Wa kwanza wa Nurdin: *Matilda akachungulia sufuria. Chai ilikuwa bado haijachemka.*

Wa Anifa, msimamizi mwenzake: *Mkaa ulikuwa na unyevu, ukafuka moshi tu. Mama mkwe akakohoa, akasubiri.*

Ridhiwani: *Matilda akakumbuka tangawizi, akaenda kuitwanga.*

Nurdin tena: *Tangawizi ilikuwa ngumu.*

Hapo Paskalina akacheka kwa sauti, mpaka Rachel akageuka. Kisha akasoma wa mwisho, wa Anifa, wa mwezi wa tisa: *Mama mkwe akasema, "Mwanangu, usiharakishe. Nipo."*

Akaurudia kuusoma.

Dada mmoja aliyelowa akaingia. "Naomba zipu nyeusi ya inchi nane."

"Subiri kidogo, mama yangu," Paskalina alisema bila kuinua kichwa. Rachel akashangaa. Katika duka lile hakuna mteja aliyewahi kuambiwa asubiri.

Paskalina akaandika: "Nilikuwa namuuguza mama. Nimemzika Agosti. Sikuaga, nimekosa. Kanuni ile ilikuwa yangu, na nyie mmeizunguka kwa ajili yangu. Asanteni. Sina neno kubwa zaidi ya hilo."

Hazikupita dakika mbili.

Anifa: "Yupo hai huyu! Pole sana, shoga yangu. Mungu amlaze mama pema."

Ridhiwani: "Pole dada. Ila ile tangawizi imenitoa malengelenge."

Nurdin akakawia. Paskalina akakaza macho kwenye kioo, kidole mdomoni, akingoja adhabu anayoistahili. Ikaja: "Shikamoo dada Paskalina. Pole na msiba. Nilikasirika uliponisema, lakini nilirudi nikamaliza hadithi yangu. Wewe uliinjika, sisi tukakaa na moto. Ipua sasa, tuna kiu."

"Marahaba, mdogo wangu," akaandika. "Uliandika vizuri kuliko mimi. Mstari mmoja, tangawizi ngumu, basi."

Akafuta uso kwa kiganja, haraka, kama mtu anayefuta vumbi.

"Mama," Rachel akasema, "kwani mama mkwe alikuja kusema nini? Bibi alijua?"

"Hakujua. Ndiyo maana alikuwa anauliza kila siku."

"Niambie basi."

"Utasoma na wenzako. Mpe yule dada zipu yake, amengoja vya kutosha."

Akavuta kigoda mpaka nyuma ya marobota ya nyuzi, akakaa, akaandika: *Chai ikachemka.*