Stempu Ndani ya Wimbo

Jumatatu saa nne asubuhi, Rosa Kiden alikuwa kwenye foleni mbele ya kibanda cha kupakia nyimbo cha Dijei Ramathan, karibu na soko la Arua, ameshika flashi aliyoifunga kwenye kona ya leso. Mbele yake walikuwa watu watatu: mwendesha bodaboda aliyetaka nyimbo za injili, msichana aliyetaka nyimbo za Kongo, na mama muuza mihogo aliyelalamika kwamba foleni haisogei. Mama huyo alilalamika kwa sauti ya mume wa Kiden.

Kiden alimsikiliza kwa adabu. Ilikuwa sauti ileile, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, kama mlango wa mbao unaofungwa polepole. Kwa mkwaruzo ule alikubali kuolewa.

Mume wake, Soro, alikuwa amerekodi wimbo mmoja tu maishani, "Poni wa Soro", aliomtungia binti yao. Aliurekodi Koboko, studio ya Drani, yeye na adungu yake, kinubi cha nyuzi tisa. Kisha akafanya kama waimbaji wote wa huku wafanyavyo: hakubaki na nakala. Aliuweka wimbo kwenye flashi, akatembea kibanda hadi kibanda, Koboko yote, Arua yote, akiwabembeleza wenye kompyuta waupokee bure, wawapakie watu, ili jina lake lijulikane. Waliupokea. Mmoja alimpa soda.

Wimbo ulipendwa. Aliyepakiwa wimbo ule aliongea kwa sauti ya Soro hadi alfajiri ya kesho yake, na sauti ya Soro mwenyewe ilipungua kwa kiasi hicho. Kwanza zilikwenda noti za juu. Kisha kikaenda kicheko. Kufika mvua za pili hakuweza hata kumfukuza kuku. Walikwenda hospitali, muuguzi akammulika kooni kwa tochi.

"Koo yako iko safi kabisa, mzee," muuguzi alimwambia, kwa sauti ya Soro. Alikuwa amepakia wimbo asubuhi ile.

Dawa aliigundua Poni, bila kukusudia. Alinunua wimbo kibandani, akaucheza kwa simu karibu na baba yake aliyekuwa akimenya karanga. Soro akainua kichwa, akasema, "Punguza, inaniumiza masikio." Kisha akaendelea kuzungumzia bati linalovuja, ni misumari gani inafaa, na nani apande juu, hadi wimbo ulipokwisha naye akanyamaza. Walipoucheza tena, ulikuwa wimbo tu. Nakala moja iliyonunuliwa ilimrudishia sauti mara moja, kwa urefu wa wimbo: dakika nne.

Lakini sauti ilirudi pamoja na kila kitu kilichokuwa ndani ya nakala. Katikati ya habari za misumari, kinywa cha Soro kilitoa sauti ya mtu mwingine, kali, ya furaha: "Dijei Ramathan, Arua mjini, namba moja!" Kisha kikaendelea na misumari.

Hiyo ndiyo stempu. Wenye vibanda huigonga ndani ya wimbo ili watu wajue wameutoa wapi.

Zamu ya Kiden ilipofika, alifungua leso.

"Mwanangu, nataka wimbo ya Soro. Ile haina stempu."

Ramathan alikuwa kijana mnene mwenye heshima, kofia ameigeuza nyuma. "Mama, isiyo na stempu haiko. Stempu iliingia ndani ya wimbo kama chumvi ndani ya mchuzi. Wewe unaweza toa chumvi?"

"Na vibanda vingine?"

"Ile mzee aliwapa walifuta zamani. Wote walichukua tena kwangu, halafu wakaongeza yao juu. Nenda kwa yule wa pale stendi, iko na stempu nne. Soro mwenyewe hasikiki." Alifuta kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati. "Yangu iko mbili tu. Mimi namheshimu sana mzee."

"Mzee hana sauti."

"Nasikia, mama. Pole sana," alisema Ramathan, na kumwita aliyefuata.

Kiden alihitaji dakika nne safi kwa sababu Jumamosi watu wa Aliga walikuwa wanakuja kutoka Kuluva kumposa Poni. Aliga alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Ediofe, na Poni alimpenda, na hilo halikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa neno la kutoa. Katika ukoo wao baba husimama mbele ya wageni, akataja babu zake sita na kazi waliyoifanya duniani, kisha akataja jina lake mwenyewe kuwa ndiye anayemtoa mtoto. Jina linalotajwa hapo ndilo la baba mkwe. Huyo ndiye ambaye mkwe atamwinamishia macho hadi kufa, atampelekea kuku wa kwanza, atampa mjukuu jina lake. Baba akikaa kimya, wageni huhesabu kwamba amekataa, wakaondoka na ng'ombe wao. Kaka angeweza kusema badala yake, lakini kaka zake Soro walikuwa wawili, na wote walibaki ng'ambo ya mpaka, upande wa Sudan Kusini, wala hakuna ajuaye walipolala.

Jumanne Poni alitafuta wimbo kwenye mtandao. Aliupata baada ya kuweka bando mara mbili, kwenye duka la mbali lenye picha ya mnazi. Wimbo ulikuwa palepale, safi, bila stempu, chini ya jina la mtu wasiyemjua. Alibonyeza mahali pa kununua. Simu ikafikiri, kisha ikaandika kwamba wimbo huo haupatikani katika nchi yake.

Alimwonyesha baba yake. Soro alisoma mara mbili, akarudisha simu, akaenda kufunga mbuzi.

Jumatano Kiden alikwenda Koboko. Studio ya Drani ilikuwa chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, magodoro yamegongomewa ukutani kuzuia kelele za kinu. Drani alimpa kiti na maji kabla ya kumuuliza kilichomleta. Alipojua, alikuna kidevu.

"Mama Poni, ile ya kwanza kabisa haiko. Kompyuta ilijaa, nikafuta."

"Ulifuta sauti ya mutu."

"Nilifuta faili, mama. Zilikuwa mia nane. Kama kila faili ni mutu, basi mimi nimemaliza wilaya nzima." Alijaribu kucheka, akaacha. Kisha akatafuta ndani ya mashine kwa muda mrefu, huku kinu kikisaga. "Iko hii tu. Ilijificha."

Kilikuwa kipande. Adungu inaanza, Soro anaimba maneno matatu, anakohoa, anasema, "Ngoja, nimekosea. Tuanze tena." Basi. Sekunde kumi na mbili.

"Hii hakuna stempu," alisema Drani. "Hakuna mutu aliitaka."

Kiden aliinunua. Drani alimsindikiza hadi barabarani, akamsimamishia gari, na kumtakia harusi njema.

Njiani alipima. Sekunde kumi na mbili safi zilitosha jina moja, si babu sita. Na neno la kutoa haligawanywi: lisemwe lote au lisisemwe. Ijumaa, basi, alirudi kwa Ramathan, akapanga foleni, akanunua nakala yenye stempu mbili. Aliichagua kwa kuwa zilikuwa mbili na si nne. Ramathan alimpa na nyimbo nyingine ishirini za zawadi, kwa ajili ya sherehe.

Jioni ile Soro alifanya mazoezi kwa midomo mitupu, juu ya ile nakala ya Poni iliyokwisha kutumika, Kiden akishika saa. Stempu ya kwanza ilikuja sekunde ya arobaini. Hapo Soro angekuwa kati ya babu wa pili na wa tatu, na wageni wangeihesabu kama kikohozi. Ya pili ilikuja mwisho kabisa, sekunde tano kabla ya wimbo kwisha. Kufika hapo angekuwa amekwisha kutaja jina lake na kuketi. Walirudia mara kumi na moja. Kila mara ilitoka sawa.

Jumamosi wageni walifika nyumbani kwa Soro, Awindiri, saa saba, badala ya saa tano. Walikalishwa upande wa magharibi wa ua, wenyeji mashariki. Jirani yao Rashida, ambaye ulimi wake ulijulikana mtaa mzima, ndiye aliyewapokea.

"Watu wa Kuluva, mumekuja kuoa ama mumekuja kula?"

"Tumekuja kuoa," alijibu mzee Draku, msemaji wa wageni. "Lakini kama chakula iko, hatuwezi tukana chakula."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe iko nyuma. Inakula maua ya jirani yenu."

Watu walicheka. Soro naye alicheka, bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akasimama. Kiden, aliyekaa nyuma yake, alibonyeza simu ndani ya mkoba.

Sauti ilirudi, nzito, yenye mkwaruzo wake. Poni, aliyefunikwa kitenge ndani ya nyumba, aliisikia akaweka mkono ukutani. Soro alimtaja babu wa kwanza, aliyelima ulezi. Alimtaja wa pili, aliyekufa kwa tauni ya ng'ombe akiwa amesimama zizini. Kinywa chake kikatangaza Dijei Ramathan, Arua mjini, namba moja, na hakuna aliyejali. Akamtaja wa tatu, mchimba visima.

Hapo bibi mmoja wa upande wa wageni akasimama. Kisima cha kwao, alisema, kilichimbwa na mtu mwenye jina hilo, na hadi leo hakijakauka. Akapiga kigelegele. Wanawake wa Kuluva wakamfuata, wanawake wa Awindiri hawakukubali kushindwa, na Rashida akaingia katikati akicheza. Kilikuwa kigelegele kizuri. Kiden alitazama saa. Kilichukua sekunde hamsini.

Kiliposhuka, Soro aliwataja watatu waliobaki kwa haraka kadiri heshima ilivyoruhusu. Wageni waliinama mbele kusikiliza. Soro alinyoosha mgongo.

"Na mimi ninayemtoa Poni," alisema, "mimi baba yake, jina langu ni—"

"Dijei Ramathan, Arua mjini, namba moja!" kilisema kinywa chake.

Wimbo ukaisha ndani ya mkoba. Sauti ya Soro ikaisha nayo.

"Tumesikia," alisema mzee Draku. "Ramathan wa Arua mjini." Kijana mwenye daftari aliandika.

"Lakini Ramathan ni yule wa flashi," alisema Rashida.

"Dada yangu, sisi hatuchagui wakwe. Mutu anasema kwa mdomo yake, sisi tunaandika."

Kidole cha Kiden kilikuwa tayari juu ya zile sekunde kumi na mbili. Zilitosha: Soro, mtoto wa fulani, ndiye mimi. Lakini neno la kutoa likisemwa mara mbili, la kwanza limevunjika, na ng'ombe hugeuka nyuma siku hiyohiyo. Mtoto aliyevunjiwa neno hatolewi tena. Soro aliligeukia kundi la wageni, akamwona Aliga ameketi mwishoni katika koti la kuazima, mikono yake ya fundi juu ya magoti. Kisha akatazama mlango ambao Poni alikuwa nyuma yake. Akaweka kiganja chake juu ya simu, juu ya kidole cha mkewe, akakiacha hapo hadi chakula kilipoletwa.

Wageni walikula vizuri. Poni aliondoka nao wakati wa magharibi.

Gari lilipopotea, Kiden alikusanya masufuria na kuanza kuyasugua kwa majivu. Soro alikaa kati ya viti vitupu vya wageni. Alichukua simu mwenyewe, akatafuta kipande cha Drani, akabonyeza.

"Poni ni mtoto wangu," aliviambia viti. "Mimi ni Soro."

Sekunde zilizobaki alizitumia kupumua, na pumzi yake ikasikika.

"Nimesikia," alisema Kiden, akamimina maji.

Wiki ya pili Kiden alimpelekea Poni unga, nyumba ya Aliga kule Ediofe. Poni alimweleza habari. Aliga alikuwa amepeleka kuku wa kwanza kibandani, kama inavyotakiwa. Alisimama kwenye foleni, zamu yake ilipofika akainamisha macho, akampa Ramathan kuku kwa mikono miwili. Ramathan alishangaa kidogo tu kwamba kuku alikuwa mkubwa hivyo. Alimshukuru, akamuuliza kama amekuja na flashi. Leo amerudi tena kumsalimia, alisema Poni, na jina la mtoto wa kwanza wamekwisha kulizungumza.

"Mnamwita nani?" aliuliza Kiden.

"Ramathan, mama. Daftari ndiyo inasema."

Kiden aliendelea kuchekecha unga. Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya kanisa kuu, walisikia baiskeli ikiegemezwa ukutani. Mama mkwe hamtazami mkwe wake. Kiden alijifunika leso, akaugeukia ukuta, kwa hiyo hakumwona aliyeingia. Alisikia tu.

"Poni, mwanangu, umeshindaje?" ilisema sauti mlangoni, nzito, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni. Ramathan alikuwa amempakia Aliga, mkwe wake, wimbo wa Soro, bure.

"Nimeshinda salama, baba," alijibu Poni, akaenda kumpokea mkoba.