Pembe Sita

Patem alikuwa na uchungu tangu jana, mtoto ametanguliza mguu, na mkunga hajafika. Tangu adhuhuri vumbi la jangwani lilikuwa limeumeza mji wa Kashgar, hata ukinyoosha mkono huoni vidole.

Baba yake, fundi Hoshur, alisimama mlangoni. Mkwewe Ghopur, mume wa Patem, mtu wa Yengisar na mgeni mjini, alikuwa amekwenda kumleta mkunga, Bibi Ayimhan, ng'ambo ya soko la mablanketi. Ni mwendo wa kwenda na kurudi kabla chai haijapoa.

"Baba Patem, huyu kijana kapotea," mkewe alisema.

"Hapotei. Nimemwambia afuate matofali."

Kila mtu mjini anajua: ukizidiwa na vichochoro, tazama chini. Tofali la pembe sita, njia inapita. La pembe nne, mbele kumeziba, geuka. Hoshur ametandaza njia hizo miaka thelathini.

Ndipo akakumbuka. Masika, alipotengeneza kichochoro cha wafinyanzi, ambacho mwisho wake ni ukuta, matofali ya pembe nne yalimwishia mdomoni mwa njia. Akamalizia kwa yaliyobaki, ya pembe sita. Mfinyanzi mmoja akamtania, "Fundi, umetufungulia njia ya kwenda wapi, peponi?" Akacheka naye. Wenyeji wanajua, alisema, na mgeni ana macho.

Sasa alikimbilia huko akipapasa kuta. Aliwakuta mwisho kabisa wa kichochoro, Ghopur akiupiga ukuta wa udongo kwa ngumi, bibi kizee mgongoni kwake kajifunika shali.

"Baba, tumetoka tumerudi mara tatu. Kila nikiinama, matofali yanasema njia ni hii."

"Yanasema uongo. Niliyaweka mimi."

Bibi Ayimhan alisema kutoka mgongoni, "Mtakwenda, au mnataka nizikwe humu?"

Walifika. Bibi aliingia, akakaa sana ndani, akatoka na mikono imelowa damu. Hakumtazama Hoshur. Alimwambia Ghopur kwamba mtoto hakuwahiwa, mke atapona, ila asitarajie mimba nyingine.

Vumbi lilipotua kesho yake, Hoshur alichukua sululu, akaenda kwa wafinyanzi, akayang'oa yale ya pembe sita. Hakuna aliyemtania. Aliyapanga ukutani akayahesabu: matofali thelathini na moja. Mjukuu mmoja, wa kiume. Na wale ambao wangemfuata.