Malkia Anayekufa Polepole

Jumapili moja mwaka wa 1974, baada ya kanisa, Jentrix Nasipwondi alitandika gazeti mezani, chumbani kwake Kawangware 56, akaweka gramafoni ya betri, akatoa santuri ya kwanza. Maboksi yalikuwa mawili. Aliachiwa na Mzungu ambaye yeye alikuwa akimfulia nguo kule Lavington. Ndani mlikuwa na opera moja ya Kijerumani ya saa nne na nusu, iliyorekodiwa mara mbili na waimbaji tofauti.

Kijerumani hakukijua. Lakini kwao Kimilili alikuwa mwimbishaji wa matanga, na huko saa nne ni za kusafisha koo tu. Alipofika santuri ya tano alikuwa ameshaelewa kwamba kuna malkia anayekufa, na anakufa kwa pupa.

Malkia alipokuwa akikata roho, Wakoli akapiga hodi. Wakoli alikuwa mume wa Jentrix, mwashi aliyeanguka kutoka ghorofa ya saba mwezi Machi, akafa. Kampuni iliandika kwamba alikuwa amelewa, mtu ambaye hata pombe ya busaa ya matanga aliiruka. Uongo huo ulimuuma Jentrix kuliko jeneza lenyewe. Wakoli alisimama mlangoni akihema, akafungua kinywa, santuri ikaisha, akaenda zake.

“Huyo mama anaimba kama anakimbiza basi,” alisema Gathoni, mwenye ploti, aliyekuwa amekuja kusikiza. “Weka ile ingine, Jentrix.”

Jumapili iliyofuata akaweka boksi la pili. Sauti ya malkia huyu haikuwa tamu hivyo. Kule juu ilikwaruza. Ila alijua msiba. Kila neno alilishika mpaka likaisha, na wapiga ala wakamngoja. Alikufa robo saa nzima. Wakoli akaingia, akavua kofia, akanywa chai, akapata nafasi ya kusema.

“Ni kamba ya jukwaa la waashi. Ilikuwa imeoza. Foremani aliambiwa, akasema itashika mpaka kazi iishe.”

Gathoni alitikisa kichwa kukubali. “Hii ya pili ndiyo kusema. Ya kwanza ni sauti tu.”

Jumatatu Jentrix alikwenda kwa kampuni. Karani alimsikiliza kwa adabu, akauliza marehemu alisema hayo saa ngapi, akaandika: saa kumi na moja jioni.

“Mama, bwana yako namwamini,” alisema. “Lakini ripoti ilishapigwa taipu, ikasainiwa.”

“Nitarudi,” Jentrix alisema. “Mimi sikuzoea nyimbo fupi.”

Alirudi Jumatatu nne. Karani aliandika mara nne.

Jumapili iliyofuata malkia alipoanza kufa, Wakoli aliingia na wanaume wawili wenye saruji nyweleni, Lusweti na Nderitu, waliokuwa hai mpaka Ijumaa, walipoanguka kutoka ghorofa ya tisa, kwenye kamba ile ile.

“Karibuni,” Jentrix alisema, akaongeza maji kwenye sufuria. Gathoni akaenda kwake kuleta viti.